Sinema, uwanjani au sebuleni: wapi pa kutazama mashindano ya matarumbeta ya Marekani

Mtoto anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya shule huko Texas, Ohio au Indiana, likizo ya kiangazi ikifika huja na ombi ambalo mzazi aliyekulia Morogoro au Bukavu hajui alishike wapi. Anataka apelekwe sinema Alhamisi moja ya Agosti. Atakaa humo karibu saa tano, na filamu haipo.

Kinachoonyeshwa ni mashindano ya Drum Corps International, DCI kwa kifupi, yakirushwa mubashara kutoka Indianapolis hadi kumbi za sinema za miji mingi ya Marekani. Mtoto huyohuyo angeweza kuyatazama nyumbani kwa mtandao, na kwa mwenye uwezo wa safari kuna uwanja wenyewe. Wapenzi wa mchezo huu hawachoki kubishana ni njia ipi bora. Mimi naona wengi wao wanabishania kitu ambacho si kimoja: anayeketi uwanjani, anayeketi sinema na anayeketi sebuleni hawatoki na onyesho lilelile, hata kama kikosi ni kilekile na usiku ni uleule.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia: kikosi kikubwa kina vijana zaidi ya 150. Kuna wapuliza vyombo vya shaba, kuna wapiga ngoma, na kuna wacheza bendera ambao pia hurusha bunduki za mbao na panga. Filimbi, klarineti na saksafoni hazimo kabisa. Karibu wote wanatembea, wanakimbia na kucheza juu ya uwanja wa mpira wa Kimarekani huku muziki ukiendelea, kwa dakika kama 10 hadi 12, bila mtu kushika karatasi ya nota. Anayekaribia miaka 22 huaga, hakuna kurudi. Majaji wanatoa alama hadi 100: 40 kwa mvuto wa onyesho zima, 30 kwa yanayoonekana na 30 kwa muziki. Ubingwa wa kwanza wa DCI ulipiganiwa Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, wakashinda Anaheim Kingsmen. Lakini mizizi ni mirefu kuliko hapo, maana vyama vya askari wastaafu vilikuwa vikifadhili vikosi vya vijana tangu kati ya vita viwili vikuu. Mtu wa Pwani hapo anaelewa bila kuchorewa. Gwaride la kijeshi kugeuzwa burudani, na burudani kugeuzwa ushindani wa sare, vyeo na matarumbeta, ndiyo ngoma ya beni ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, enzi ya makundi hasimu ya Marini na Arinoti.

Jua kwanza unalipia usiku upi

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo linalowaudhi watu wakishalipa. Wiki ya ubingwa Indianapolis ina ngazi tatu. Alhamisi ni mchujo. Ijumaa ni nusu fainali, wanabaki 25. Jumamosi ni fainali, wanabaki 12. Sinema hurusha Alhamisi.

Maana yake, ukitoka ukumbini usiku ule hujui bingwa. Alama za Alhamisi hazibebwi hadi Jumamosi. Kila usiku majaji wanaanza upya. Na tofauti za juu kule huwa nyembamba mno: mwaka 2008 Phantom Regiment ya Rockford, Illinois, ilitwaa taji kwa alama 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils ya Concord, California. Miaka mingine wamegawana kombe kwa alama sawa, kama 1996, 1999 na 2000. Mwaka 2025 Boston Crusaders, kikosi kilichoanzishwa 1940, kilibeba ubingwa wa DCI kwa mara ya kwanza katika historia yake. Aliyekwenda sinema Alhamisi ile aliliona onyesho lao. Kulia kwa furaha kwa wazee waliovaa sare ile miongo kadhaa iliyopita kulikuwa Jumamosi, na Jumamosi haikuwa sinema.

Kuna jingine ambalo tangazo la tiketi halilisemi kwa sauti. Kawaida ya sinema ni kuonyesha vikosi 15 vya juu. Kama mpwa wako anapiga ngoma katika kikosi kinachoshika nafasi ya ishirini, utakaa saa tano ukimsubiri na hatotokea. Kwa ndugu na jamaa wa kijana kama huyo, mtandao au uwanja ndiyo njia pekee, na hapo ulinganisho wote uliobaki unakuwa wa kusoma kwa starehe tu.

Kwa upande mwingine, Alhamisi ina utamu wake. Vikosi 15 kwa mkupuo ni vingi kuliko 12 vya fainali. Mtazamaji mgeni anapata kuona tofauti ya kikosi kinachopigania kuingia kumi na mbili bora na kile kinachopigania taji. Tofauti hiyo ndiyo shule. Ukianza moja kwa moja na watatu wa juu, wote watakuonekania sawa.

Jicho la nani?

Hapa ndipo sinema inashinda na kushindwa kwa wakati mmoja.

Onyesho la kikosi limechorwa litazamwe kutoka juu. Mstari ulionyooka unapinda kuwa duara, duara linapasuka vipande viwili, vipande vinapishana bila mtu kugonga mtu, na rangi za bendera zinabadilika palepale umbo linapokamilika. Aliyebuni hayo alikuwa anaona uwanja kama karatasi. Ndiyo maana wazoefu wakienda uwanjani hawagombanii viti vya chini, kinyume na mpira wa miguu. Wanataka viti vya juu, usawa wa mstari wa katikati, upande ambao kikosi kinaelekea. Chini kabisa unaona magoti na viatu, na umbo la watu mia na hamsini linabaki kuwa msitu wa kofia.

Sinema ina mwongozaji anayechagua kamera. Anakupa uwanja mzima kwa sekunde kadhaa, kisha uso wa mpiga tarumbeta anayepiga peke yake, kisha vidole vya mpiga marimba, kisha bunduki ya mbao ikizunguka hewani. Vyote ni vitamu. Lakini wakati unamtazama mpiga tarumbeta, watu mia nyuma yake wamevunja umbo na kujenga jingine, nawe hukuliona. Ukirudishiwa uwanja mzima unakuta kazi imeisha. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona kikosi kwa macho, hasara hii haijulikani, kwa sababu huwezi kukosa usichojua kipo. Kwa mzoefu ni kero inayomfanya aongee na skrini.

Sasa geuza upande. Yule kijana mwenye tarumbeta anataka kuona nini? Anataka kuona mtu anavyovuta pumzi kabla ya sauti ndefu, midomo inavyokaa, bega lisivyopanda juu mtu anapokimbia kinyumenyume. Anayepiga ngoma anataka kuona fimbo zinapanda kimo gani, na kama wapigaji wote tisa wa mstari wanazishusha kwa pamoja. Hakuna kiti cha uwanjani kinachompa hayo, hata kile cha bei mbaya. Skrini ya sinema inampa uso wa mita kadhaa. Mwalimu wa bendi anayewapeleka wanafunzi wake sinema anajua anachofanya.

Nyumbani, jibu linategemea kioo chako. Simu haifai, nasema bila kuzunguka: uwanja mzima kwenye simu ni sisimizi wanaopangwa foleni. Runinga kubwa inafaa. Na mtandao una kitu ambacho sinema haina. Kwa miaka mingi maonyesho haya yamekuwa yakipatikana kwa namna mbili, ya kamera nyingi zinazobadilishana na ya kamera moja ya juu isiyotikisika. Hiyo ya kamera moja inachosha mgeni, kwa kuwa haina uso wa mtu hata mmoja. Ila ukitaka kuelewa kwa nini kikosi fulani kilipata alama nyingi za yanayoonekana, itafute hiyo. Mwishowe unaweza kutazama dakika moja mara sita, jambo ambalo mwongozaji wa sinema hatakufanyia.

Sauti: hapa wengi hudanganywa na sifa

Utasikia watu wakisema sauti ya uwanjani haina mfano. Kweli, na si kweli.

Lucas Oil Stadium, ambako fainali zimekuwa zikifanyika tangu 2009, ni uwanja wa Indianapolis Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, uliofunguliwa 2008. Una paa linalofunguka na kufungika, kuta ndefu na kioo kingi. Ulijengwa kwa kelele za mashabiki wa mpira, haukujengwa kwa muziki. Sauti inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Katika viti vya juu pembeni, mdundo mkali wa ngoma unausikia mara mbili, na maneno ya ngoma, kama tunavyoyaita wenyewe, yanachanganyika. Ukikaa katikati, mbali kiasi na sakafu, hali inatengemaa. Na pale shaba zote zinapofunguka kwa nguvu moja, kifua kinatetemeka na hutauliza tena habari za mwangwi. Hicho kitu hakipitii kipaza sauti chochote. Nimesikia watu wakijaribu kukieleza wakashindwa, nami sitajaribu.

Kuna ufundi mwingine uwanjani ambao inafaa uujue kabla hujalinganisha. Sauti husafiri mita kama 343 kwa sekunde. Uwanja, kutoka mstari wa goli hadi wa pili, ni mita 91 na kidogo. Kwa hiyo anayepiga upande mmoja anasikika upande wa pili baada ya robo sekunde na zaidi, na katika muziki wa kasi robo sekunde ni janga. Vikosi vinaizoea fizikia hii kwa nidhamu: walio mbele wanasikiliza nyuma, walio nyuma wanafuata mkono wa kiongozi na ngoma, ili sauti zote zifike kwa msikilizaji wa mbele kwa wakati mmoja. Maana yake muziki huu umetengenezwa uwe sawa mahali fulani tu. Ukikaa mahali hapo, uwanja ni peponi. Ukikaa kona, unasikia mazoezi ya watu wengine.

Sinema inakuweka mahali hapo pazuri bila kujali umekaa safu gani, kwa kuwa vipaza sauti vimepangwa huko mbele. Marimba zinasikika nota kwa nota. Ngoma kubwa, ambazo kila moja ina sauti yake na wapigaji wanagawana mdundo mmoja kama watu wanaopokezana neno, zinatembea kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia. Kinachopotea ni kilele. Ili sauti ndogo isikike na kubwa isipasue spika, mafundi wanazisogeza zikaribiane, na ule mlipuko wa mwisho unakuja ukiwa umefugwa. Mbaya zaidi ni ukumbi wenyewe. Wafanyakazi wa sinema wengine huacha sauti katika kiwango cha matangazo ya biashara. Nenda umwambie mhudumu mapema, kikosi cha kwanza kikiwa hakijaanza, apandishe. Usione haya, ukumbi mzima utakushukuru.

Sebuleni, sauti ni mali ya spika zako. Spika ya runinga nyembamba inaficha tuba na ngoma kubwa zote, ukabaki na matarumbeta ya juu yanayopiga kelele peke yao. Hedifoni nzuri zinashinda kumbi kadhaa za sinema nilizozijua, ila zinakutenga na watu, na mchezo huu si wa kutazamwa peke yako. Jambo dogo: rekodi za kutazama baadaye zimewahi kutoka zikiwa na vipande vilivyonyamazishwa kwa sababu ya haki za muziki. Kama kuna wimbo unaoupenda, utazame ukiwa mubashara.

Na wale wanaosema uwanjani ndiko kwenye sauti halisi isiyopita kwenye umeme, hawajafika karibuni. Tangu 2004 vyombo vya safu ya mbele, yaani marimba na wenzake, vinaruhusiwa vipaza sauti, na tangu 2009 vinanda vya umeme vinaruhusiwa. Sehemu ya unachosikia uwanjani inatoka kwenye spika vilevile.

Ukumbi una watu

Sinema ya usiku huu haina ukimya wa filamu. Wanaokuja ni wanafunzi wa bendi wakiwa na fulana za shule zao, wazazi wanaowasindikiza, na watu wazima waliowahi kuvaa sare ya kikosi fulani miaka ya themanini na wanataka kila mtu ajue. Wanapiga makofi kwa skrini. Wanapiga mayowe bendera ikidakwa vizuri. Mtu anakaa safu ya nyuma yako akimweleza mwenzake kinachokuja kabla hakijaja. Kwa mgeni hii ni faida kubwa: unajifunza kwa kusikia umati unashangilia nini. Sehemu ambayo wewe hukuona lolote na ukumbi ukalipuka, ujue hapo kuna kitu kigumu kimefanyika.

Urushaji huu wa sinema ulianza 2004, ubingwa ulipokuwa Denver. Wakati ule ulikuwa dirisha pekee la mtu wa mbali kuona mubashara, maana televisheni ya umma ya PBS ilikuwa imeshaacha mazoea ya zamani ya kurusha fainali mubashara, na chaneli ya michezo ya ESPN2 ilipoingia 2005 hadi 2007 ilileta vipindi vilivyohaririwa. Msimu wa 2020 ulifutwa wote kwa Covid, kisha sinema zikarudi. Lakini tangu 2017 FloMarching, huduma ya kulipia ya mtandaoni, imekuwa ikirusha msimu, na sebule ikawa mshindani wa kweli. Ndiyo maana nasema sababu ya kwenda sinema leo si ileile ya 2004. Zamani ulikwenda kwa kukosa njia nyingine. Sasa unakwenda kwa ajili ya skrini kubwa na watu. Kama hutaki watu, baki nyumbani.

Njia ambayo haitajwi sana: uwanja wa Julai

Watu wakisema uwanjani, wanafikiria Indianapolis, hoteli zilizojaa na ndege. Kumbe vikosi viko barabarani tangu mwishoni mwa Juni. Vinasafiri kwa mabasi usiku, vijana wanalala juu ya sakafu za kumbi za michezo za shule, wanafanya mazoezi asubuhi juani, na jioni wanashindana katika mji mwingine. (Na wanalipa wenyewe, maelfu ya dola kwa msimu. Mzazi mwenzangu, hili ulijue mapema kabla mwanao hajaleta fomu ya majaribio.) Kuna vituo vikubwa kama San Antonio, ndani ya Alamodome, au Allentown, Pennsylvania, na kuna vingi vidogo kwenye viwanja vya vyuo na shule.

Huu ndio upande wangu katika ubishi. Kituo kidogo cha Julai kilicho karibu na kwako ni bora kuliko sinema, na kwa baadhi ya watu ni bora kuliko fainali. Uwanja ni mdogo, hauna paa, kwa hiyo mwangwi hakuna. Unakaa karibu. Onyesho bado halijakamilika, mara nyingi mwisho wake wanaubadilisha hadi wiki ya mwisho, na ukiliona Julai kisha ukaliona tena Agosti kwenye skrini, unatambua kilichoongezwa. Zaidi ya yote kuna maegesho. Saa moja au mbili kabla ya mashindano, wapiga ngoma wanajipasha moto kwenye maegesho ya magari, wakiwa wamejipanga mduara au mstari, na mtu yeyote anaweza kusimama hatua chache mbele yao. Hakuna kamera inayofika hapo kwa namna hiyo. Kijana anayejifunza ngoma akisimama pale nusu saa, atarudi nyumbani akiwa na mazoezi ya mwaka mzima kichwani.

Hasara zake: mvua na radi husimamisha onyesho, viti ni bao za chuma, na usiku mmoja huleta vikosi sita au saba tu, pengine vikubwa havimo. Angalia orodha ya vikosi kabla ya kununua.

Pesa na saa

Kwa pesa, mambo hayahitaji maneno mengi. Sinema ni tiketi moja kwa kila kichwa, ghali kuliko filamu ya kawaida, na bisi juu yake. Familia ya watu watano inaanza kuumia. Mtandao ni usajili mmoja kwa nyumba nzima, na ndio nafuu kama mko wengi. Kumbuka tu kwamba usajili wa aina hii hujihuisha wenyewe, kwa hiyo ukishamaliza Agosti ufute. Indianapolis ni safari, na safari ina gharama zake zote. Uwanja wa Julai unakaa kati.

Saa ndiyo yenye mtego. Sinema kwa kawaida huanza saa kumi na mbili na nusu jioni ya mashariki ya Marekani. California hapo ni saa tisa na nusu alasiri, siku ya kazi, na mzazi anayefanya zamu hawezi. Kwa walio Dar es Salaam au Nairobi sinema haipo kabisa, na kwa mtandao ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa. Muscat saa nane na nusu. Kwa hao, kamera moja ya juu asubuhi yake, bila kufungua matokeo kwanza, ndiyo starehe.

Basi uende wapi

Kama hamjawahi kuona kikosi hata kimoja na mwanao ndiye anayekuvuta, nenda sinema. Ni jioni moja, karibu na nyumbani, kuna kiyoyozi, na ukichoka katikati unatoka bila kumkosea mtu. Utaona nyuso, na nyuso ndizo zinazomfanya mgeni ajali kinachotokea.

Kama mwanao ameshaanza kuzungumzia majaribio ya kujiunga, sinema haitoshi. Mpeleke Julai, tena mapema, mkasimame kwenye maegesho. Aone jasho, aone mabasi, aone vijana wanavyokula wakiwa wamesimama. Wapo wanaorudi na hamu maradufu, na wapo wanaosema kimyakimya kwamba bendi ya shule inawatosha. Yote mawili ni heri kujulikana kabla ya kulipa.

Kama wewe ni wa kombe, unataka kujua nani kashinda na kwa alama ngapi, lipia mtandao kwa mwezi huo mmoja, alika majirani Jumamosi, unganisha spika za maana. Sinema itakuacha njiani.

Indianapolis naiweka kwa ambaye tayari ameshaupenda mchezo. Kwenda huko ukiwa mgeni ni kulipa pesa nyingi kwa kitu ambacho bado hujajua kukitazama. Lakini kwa familia za Waswahili wanaoishi Indianapolis kwenyewe, na wapo wengi, wakiwemo Wakongo, hesabu ni tofauti kabisa. Hakuna hoteli wala ndege. Kwenu ninyi Alhamisi ya uwanjani ndiyo chaguo: unaviona vikosi vyote na si 15 tu, viti vya katikati juu bado vinapatikana, na siku hiyo watu hawajajaa kama Jumamosi.

Ukishaamua sinema, mambo machache. Hakikisha ukumbi ulio karibu nawe umo kwenye orodha, maana si kila sinema inaonyesha, na ni usiku mmoja tu. Kaa safu za nyuma ya katikati, ili uwanja mzima uingie machoni bila kugeuza shingo. Beba sweta. Tumia mapumziko kwenda msalani na usisubiri kikosi usichokijua kiingie ndipo utoke, kwa sababu hicho usichokijua ndicho mwanao atakachokisimulia njia nzima mkirudi, nawe utakuwa hukukiona.